WINCHI YA UMEME AU YA HAIDROLIKI? KAKA YANGU, LEO TUSEMEZANE!

  Mimi huku Muscat ni mzima, namshukuru Mungu, joto tu ndilo linatukaanga. Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwangu kwa wiki kadhaa, mnisamehe jamani, zamu za usiku zilinibana mpaka nikawa sijui leo ni Jumatatu au Alhamisi. Lakini leo nina mapumziko, chai ya tangawizi iko pembeni, na nina jambo rohoni. Nikiendelea kukaa nalo litanivimbia.

Jambo lenyewe ni winchi. Ndiyo, WINCHI! Msicheke kwanza.

Walio kwenye kundi letu la ukoo kule WhatsApp wanajua habari hii. Kwa ambao hamko: tunachangishana kununua winchi ya kufunga mbele ya Land Rover 110 ya kaka yangu, ile inayobeba mpunga, abiria na wagonjwa kutoka kijijini upande wa Malinyi mpaka Ifakara. Kaka na wajomba wawili wamekwishaamua kwamba iwe ya haidroliki. Mimi nikauliza kwa adabu kabisa, "Jamani, kwa nini isiwe ya umeme?" Nikarushiwa ujumbe wa sauti wa sekunde nane: "Dada, wewe choma sindano, mambo ya winchi tuachie sisi wanaume." Vikafuata vikatuni vya kucheka kumi na saba. Nilivihesabu.

Basi kule nilinyamaza. Lakini hapa ni kwangu, na hapa nitasema. Kwanza, mmesahau kwamba mimi ni mtoto wa dereva. Marehemu baba ameendesha Land Rover za serikali kwa miaka na miaka, na mtoto wa kumshikia tochi alipokuwa chini ya gari hakuwa kaka (kaka alikuwa kwenye mpira!), nilikuwa mimi. Pili, katika mchango huo rial 350 ni zangu. Nimezipata kwa kusimama usiku. Siwezi kuzitoa halafu nikafunga mdomo.

Kwa mama zangu na shangazi zangu mnaosoma na hamjui winchi ni nini: ni mashine ndogo inayofungwa kwenye bampa la mbele, ina ngoma iliyozungushiwa waya au kamba. Gari likinasa, unauvuta waya ule mpaka kwenye mti, unaufunga, unabonyeza kitufe, ngoma inazunguka, na gari linajivuta lenyewe kama mtu anayepanda kisima kwa kamba. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni nini kinaizungusha hiyo ngoma.

Ya umeme inazungushwa na mota inayokula betri ya gari. Ya haidroliki inazungushwa kwa nguvu ya oili inayosukumwa na pampu, na kwenye magari yetu mara nyingi ni pampu ileile ya pawa stelingi, ile inayofanya usukani uwe mwepesi. Pampu hiyo inazungushwa na injini. Shikeni hapo, maana ndipo nitakaporudi.

MSIFU ADUI YAKO KWANZA

Sitaki mtu aseme nesi huyu anaisema vibaya haidroliki bila kuiona. Nimeiona! Huku Oman watu wanapenda mno kwenda nje ya lami siku za mapumziko. Wengine huenda kwenye mchanga wa Sharqiya, wengine hupanda milima, wengine huenda baharini kuvua. Kuna mzee mmoja jirani yetu, Mwomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Gari lake lina winchi ya haidroliki na anaipenda kama mjukuu. Siku moja alituchukua, mimi na manesi wenzangu wawili, tukafuatana na magari mengine kwenda Barr al Hikman, kule pwani inakotazamana na kisiwa cha Masirah.

Kule kuna ardhi wanayoiita sabkha. Juu unaona pakavu, peupe kwa chumvi, unasema hapa hata lori linapita. Kumbe chini yake ni tope la chumvi linalonata kama ugali mbichi! Gari la kwanza likazama hadi kwenye ekseli. La pili likaenda kulisaidia, nalo likazama. Mzee akabaki mahali pagumu, akachimbia tairi la akiba ardhini nyuma ya gari lake ili lisivutwe, akafungua waya wake, akaanza kazi. Alivuta, akapumzisha mikono, akavuta tena. Ilichukua karibu nusu siku. Winchi haikupata moto, haikulalamika, haikupungua nguvu. Tukala samaki jioni, mzee akaniambia, "Mwanangu, umeme ni wa kuwashia taa. Kuvuta ni kazi ya mafuta."

Siku ile sikuwa na jibu. Ni kweli, haidroliki inaweza kuvuta mchana kutwa bila kuchoka. Ni kweli haigusi betri. Ni kweli hata ikizama majini yenyewe haidhuriki kirahisi, kwa sababu ndani yake ni oili na imefungwa. Na ikizidiwa mzigo kuna valvu inayoachia presha, ngoma inasimama tu, hakuna kinachoungua. Ya umeme ikizidiwa inaunguza mota. Yote hayo nayakubali, na kama kaka angekuwa anavuta magogo kutwa kucha ningesema mnunulieni haidroliki leo hii.

Lakini kaka havuti magogo. Na jibu la mzee nililipata baadaye nikiwa kitandani: mchana ule wote, injini ya gari lake ILIKUWA INAUNGURUMA, mahali pakavu.

USIKU WA APRILI

Sasa nitaingia mahali ambapo kwenye kundi la ukoo hakuna anayetaka kuingia. Kaka, nisamehe. Wifi, nisamehe zaidi. Nimempigia simu wifi kabla ya kuandika hili na ameniambia, "Andika." Kwa hiyo naandika.

Mnaikumbuka Aprili 2024, mvua zile zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za nchi yetu. Bonde la Kilombero lote lilikuwa maji. Wifi akashikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya, mkunga akasema huyu ni wa hospitali, tena haraka. Kaka akawasha Land Rover. Njia ya kwenda Lupiro mnaijua ilivyo masika, udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna mwenyewe. Kwenye kile kijito ambacho kiangazi unakiruka kwa mguu, gari likaingia, likafika katikati, gurudumu la kushoto likapata shimo. Likalala upande. Maji yakawa yanapanda.

Na hapo kaka alifanya jambo la busara ambalo hakuna aliyemsifu mpaka leo, nami namsifu hapa hadharani. ALIZIMA INJINI. Aliona maji yanakaribia tundu la kuvutia hewa, akajua injini ya dizeli ikinywa maji inavunja vyuma vyake vya ndani na gari limekufa. Akazima, wakambeba wifi mgongoni mpaka ng'ambo, wakamlaza chini ya turubai, akakimbia kuita watu.

Ilikuwa saa tano usiku. Vijana walipatikana, kamba zikapatikana, gari likatoka saa kumi na moja alfajiri. Kaka akapiga starta. Ikawaka mara ya kwanza. Mara ya kwanza! Gari lile halikuwa na ubovu wowote, lilikuwa linahitaji mita tano tu, kutoka shimoni hadi ukingoni. Na mkuyu mkubwa upo pale hatua kama kumi na tano kutoka ukingo, ninyi nyote mmekaa chini ya kivuli chake.

Wifi yupo hai, tunamshukuru Mungu. Mtoto ambaye angeniita shangazi hayupo. Mimi ni nesi, siwezi kuapa kwamba kama wangefika saa nane usiku angepona, mambo hayo hatuyaapii. Ninachojua ni kwamba saa sita zilipotea, na zilipotea kwa sababu ya mita tano.

Sasa niambieni, wanaume wa ukoo wetu. Weka winchi ya haidroliki kwenye bampa la gari lile usiku ule. Ingefanya nini? Injini imezimwa. Injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki. Pampu isipozunguka oili haina presha. Oili isipokuwa na presha, ile winchi mnayoisifu ni chuma cha kuongeza uzito! Au kaka angewasha injini huku maji yako kwenye tundu la hewa? Angeiua, na tusingekuwa na gari la kumpeleka wifi hata hiyo alfajiri.

Weka ya umeme. Betri ilikuwa nzima, tunajua kwa sababu asubuhi starta iliitika mara moja. Unafunga mkanda kwenye mkuyu, unapitisha waya, unabonyeza. Injini imezimwa, hewa haivutwi, maji hayaingii. Unavuta kidogo, unapumzisha, unavuta. Mita tano! Dakika kumi, tuseme ishirini kwa giza na woga. Halafu unawasha gari pakavu na unakwenda.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Winchi ya haidroliki inategemea cha nduguye. Ndugu akilala, na yeye amelala.

HAYA NIMEYAJIFUNZA WODINI, SI GEREJI

Mnasema nichome sindano. Haya, niwaambie kuhusu sindano. Pale kwenye idara ya dharura ninapofanya kazi kuna pampu ndogo za kumpimia mgonjwa dawa inayoingia mshipani. Zimechomekwa ukutani kwenye umeme. Lakini ndani ya kila moja kuna betri yake, kwa sababu anayekufa hangoji umeme urudi. Tukiwa masomoni tulifundishwa pia mashine ya kunyonya makohozi inayokanyagwa kwa mguu, ya kutumia siku ile ya umeme imegoma. Hata mgonjwa akisukumwa kwenye kitanda kutoka wodi moja kwenda nyingine, mtungi wa oksijeni unakwenda naye, hatusemi "bomba lipo kule tuendako."

Kanuni ni moja tu: KIFAA CHA KUOKOA KISITEGEMEE KILE KITU AMBACHO KIKISHINDWA NDIPO UTAKIHITAJI. Sasa gari linaponasa majini, kinachoshindwa kwanza ni nini kama si injini?

HOJA ZENU, MOJA BAADA YA NYINGINE

Mjomba wa kwanza anasema ya umeme inaungua. Inaungua, ndiyo, ukiivuta kama mwendawazimu. Ikizidiwa kabisa inaweza kula ampia 400 na zaidi, na alteneta ya Land Rover ya zamani kama ya kaka inatoa ampia 65 hivi. Kinachobaki chote kinatoka kwenye betri, na joto linabaki kwenye mota. Kwa hiyo unavuta kwa dakika moja, unapumzika dakika kadhaa, unagusa mota kwa mkono, ikikuchoma unangoja. Nayo mota zinatofautiana. Zile za bei ya chini zenye sumaku za kudumu hupata moto upesi zaidi. Zenye koili tupu huvumilia zaidi kazi nzito. Nunua ya koili. Na tumia kapi! Kapi ni ile puli unayoifunga kwenye mti, waya unaizunguka na kurudi kwenye gari. Mzigo kwenye winchi unakuwa karibu nusu. Kasi nayo inakuwa nusu, lakini nani ana haraka ya kuunguza mota? 

Mjomba wa pili anasema betri itakwisha. Ikiwezekana kuwasha injini, iwashe, alteneta isaidie. Isipowezekana, betri nzima itakutoa kwa mvuto mfupi, ndiyo maana nataka betri ya pili, ifungwe juu, mbali na maji, na swichi ya kuzitenganisha, ili moja ikimalizwa na winchi nyingine iwashe gari. Betri zinauzwa Ifakara. Betri unaweza kuazima hata kwa mwenye trekta. Niambieni mtaazima wapi mpira wa oili wa presha kubwa saa nane za usiku, mpira ukipasuka porini!

Na hapo kuna jambo ambalo hamkulisema kabisa. Kwa vile winchi hiyo inashiriki oili na pawa stelingi, mpira ukipasuka au sili ikivuja, oili ikimwagika hupotezi winchi peke yake. Unapoteza na wepesi wa usukani. Gari limejaa mgonjwa na ndugu zake, barabara inateleza, na kaka anapigana na usukani mzito kama wa trekta bovu. Tena pampu ya gari la miaka ile imechoka. Nguvu ya winchi ya haidroliki inatokana na presha ya pampu. Pampu iliyochoka hailipi nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Kaka anasema, "Hata magari ya jeshi la Marekani, Humvee, yamefungwa winchi za haidroliki." Ni kweli, zipo zilizofungwa. Lakini Humvee moja ikikwama kuna nyingine nyuma yake, kuna fundi, kuna spea, kuna redio ya kuita msaada. Wewe kaka nyuma yako kuna nani? Kuna baiskeli na bata! Winchi ya jeshi ni nzuri kama una jeshi.

Kisha kuna hoja isiyosemwa lakini naisikia: ya haidroliki ni ya kiume, ya umeme ni kama blenda ya jikoni. Sitaijibu. Nawaambia tu kwamba kampuni ya Warn ya Marekani ilitoa winchi ya umeme inayoitwa 8274 mwaka 1974, na mpaka leo watu wa misituni na wa mashindano wanaitafuta, hata zilizotumika. Hiyo si blenda.

Na la mwisho, magari mengi mapya hayana tena pampu ya oili ya usukani, yanatumia usukani wa umeme. Land Rover Defender hii ya tangu 2020 ndivyo ilivyo. Siku kaka akijaliwa kubadilisha gari, winchi ya umeme anaifungua anahamia nayo. Ya haidroliki pengine atahama na kumbukumbu zake.

KITU NINACHOKIOGOPA KULIKO VYOTE

Mnagombania mota. Mimi naogopa WAYA. Siku moja tulipokea kijana aliyekuwa anaongoza waya wa winchi kwa mkono mtupu huku mwenzake anabonyeza kitufe. Kulikuwa na uzi mmoja wa chuma umechomoza, ukamshika kiganjani, ngoma ikazunguka, mkono ukaenda nao. Sitawaeleza zaidi, wengine mnakula. Alikuwa na miaka kama ishirini na mbili, na alikuwa anatuuliza kama atacheza tena gitaa.

Waya uliokazwa ukikatika unarudi kama fimbo ya radi, haukuchagui. Kwa hiyo ikiwa ya umeme au ya haidroliki, sheria za dada yenu ni hizi, zibandikwe kwenye dashibodi:

1. Watu wote washuke, na mgonjwa wa kwanza. Asiyebonyeza kitufe asimame mbali kuliko urefu wa waya.
2. Glovu za ngozi, kila mara. Usiruke waya uliokazwa, usiupite kwa mguu.
3. Tupia turubai zito au koti katikati ya waya, ukikatika liushushe chini.
4. Usizungushe waya kwenye mti na kuunasa wenyewe kwa ndoano yake. Unakatika, na mti unachunwa ganda unakufa. Tumia mkanda mpana na pingu ya chuma.
5. Mizunguko mitano ya waya ibaki kwenye ngoma, usiumalize wote.
6. Kamba za sintetiki ni nyepesi na zikikatika hazina kishindo cha waya wa chuma, lakini zinachukia jua, mchanga na kusuguliwa na mawe. Zitunzwe kwenye kifuniko.

Na sheria kubwa kuliko zote sikuipa namba: MAJI YANAYOKIMBIA USIYAINGIE. Aprili ileile ya 2024 huku Oman mafuriko yaliua watu, watoto wa shule wakiwemo, gari lao lilisombwa na wadi. Huku kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la kisheria, na bado watu wanajaribu. Hakuna winchi inayoshindana na mto. Winchi ni ya kukutoa kwenye tope, haikupi ujasiri wa kuingia majini.

HESABU YANGU

Land Rover ya kaka ikijaa inafika tani tatu hivi. Kanuni ya kawaida ni winchi yenye nguvu mara moja na nusu ya uzito huo, yaani tani nne na nusu, sawa na paundi kama 10,000. Lakini namba inayoandikwa ni ya mzunguko wa kwanza wa waya kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka linapunguza nguvu, winchi ya paundi 9,500 ikiwa ngoma imejaa inaweza kubaki na 6,500 hivi. Kwa hiyo mimi nasema tununue ya paundi 12,000, ya volti 12, mota ya koili.

Kwa orodha aliyonitumia kaka, haidroliki pamoja na mipira, valvu na usafiri inameza mchango wote, hakibaki hata cha kununulia glovu. Ya umeme niliyoiulizia huku inaacha pesa ya betri ya pili, kapi, mkanda wa mti, pingu mbili, glovu na koleo zuri. Hata jeki ndefu ya shamba inapatikana, maana siku yote yakigoma utarudi kwenye jeki, koleo na mikono ya vijana, kama ile mashine yetu ya kukanyaga kwa mguu.

Na winchi ya umeme inadai matunzo, sitawaficha. Ikizama majini ifunguliwe, ikaushwe, ipakwe grisi. Vichwa vya betri visafishwe. Kila mwezi waya uvutwe nje wote na kurudishwa ukiwa umepangika vizuri, hata kama hakuna aliyekwama. Mashine ya kuokoa isiyojaribiwa ni pambo. Sisi wodini tunakagua mashine ya kushtua moyo kila zamu, hata kama wiki nzima haikutumika. Kaka, utaweza? Najua utaweza. Aliyeweza kukumbuka kuzima injini usiku ule anaweza chochote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Rial 350 zipo, nimeziweka kando na sitazigusa. Zitatoka siku orodha itakapokuwa ya umeme pamoja na vikorokoro vyake vyote. Mkinunua haidroliki kwa pesa zenu sitawanunia, nitakuja likizo nitapanda gari hilo na kuwapigia makofi. Ila tukifika kwenye kile kijito nitashuka, nitakaa chini ya mkuyu, na nitamwomba kaka azime injini halafu anivute.

Mjomba wa vikatuni, nakusubiri kwenye maoni hapo chini. Njoo na hoja, usije na vicheko. Na kama kuna fundi anayesoma hapa na anaona nimekosea mahali, anisahihishe, kujifunza hakuna mwisho.

Wifi, nakupenda sana.

Nawatakieni nyote Ijumaa njema. Kesho nina zamu ya usiku, niombeeni. Tuonane tena panapo majaliwa!